Kioo cha gari kinachocheza: tuangalie kwanza, njo tulipe

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama munaochunga nyumba wakati sisi tuko ku shimo: wengi wetu wakipata feza kidogo wananunua gari ya zamani ili ilete kitu ku familia. Hapa Kibumba gari ile njo inateremusha mashu, viazi na karoti mpaka Goma, kilomita kama 20 ku barabara ya Rutshuru. Nyingi zimetoka Japani kwa kupitia Dar es Salaam ama Mombasa, na zimetufikia zikiwa zimekwisha kufanya kazi miaka mingi. Injini ingali nzima, lakini vioo vya umeme vinaanza kucheza. Kimoja kinatikisika, kingine kinainama upande, kingine kinaanguka kabisa ndani ya mlango.

Hiyo si mambo ya urembo. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Kibumba iko juu zaidi. Baridi na mvua ya hapa tunazijua. Maji yakiingia yanaharibu nyaya za ku mlango, mutoto anakohoa, na usiku mwizi hana kazi ya kuvunja. Tena kuna garaji ambako hata mlango haujafunguliwa, umekwisha kuambiwa: « Moteri imekufa, leta dola. » Mara nyingi moteri ni nzima.

Tujue kwanza kilichomo. Chini ya kioo kuna kibano kinachokishika. Kibano kile kinapandishwa na mikono ya chuma iliyopishana kama mkasi, ama na kamba ya chuma yenye vishikizo vya plastiki. Njo ile mafundi wanaita lève-vitre. Moteri inaizungusha, na kioo kinateleza kati ya raba mbili za pembeni.

Sasa ufinye kibonyezo na usikilize. Moteri ikilia lakini kioo hakiendi, kibano kimeachia ama kamba imekatika. Kioo kikipanda huku kinainama, tafuta bulo iliyolegea ama plastiki iliyovunjika. Kikienda polepole, raba ni kavu ama zimejaa vumbi. Kukiwa kimya kabisa, anza na fusible, kisha nyaya zinazokunjika pale mlango unapofungukia, kisha kibonyezo. Moteri inakuja nyuma ya hayo yote.

Ku shimo hakuna anayechimba mbele ya kuweka miti ya kushikilia udongo. Hapa ni vilevile. Pandisha kioo kwa mkono mpaka juu, ukifunge na skochi ya nguvu inayopita juu ya mlango toka ndani mpaka inje. Kisha ondoa waya wa moins ku batri. Kama ku mlango kumeandikwa AIRBAG, usiguse, mwachie fundi.

Toa viisi vya ku mkono wa mlango na mahali pa kuegemeza mkono. Vingine vimefichwa chini ya vifuniko vidogo. Vuta ubao wa ndani polepole na turnevisi iliyofungwa kitambaa, kisha uuinue na uchomoe nyaya zake. Nyuma utakuta plastiki iliyobandikwa. Usiipasue, ni yenyewe inazuia mvua isiingie ndani ya gari.

Angalia na tochi. Bulo zikiwa zimelegea, mara nyingi ufunguo wa 10 unatosha. Kaza kidogo kidogo, juu ukikaza sana kioo kinapasuka. Kama kishikizo cha plastiki kimevunjika, kitoe uende nacho sokoni ukalinganishe. Usifunge kioo na kamba ya kienyeji, itaachia ku mashimo ya barabara. Na ile ya mkasi iko na ressort kubwa: usitenganishe moteri na mikono yake kama haijafungwa vizuri, inaweza kuruka na kukata vidole. Wakati unataka kujaribu umeme, toa mikono yote ndani ya mlango mbele ya kurudisha waya wa batri.

Vumbi yetu ni ya mawe ya volkano, inakwaruza. Futa raba na kitambaa chenye maji, ziache zikauke, kisha paka silikoni. Hapana mafuta ya injini: yanakamata vumbi na kuharibu raba. Zibua pia vile vitundu vya chini ya mlango, maji yatoke, chuma kisioze. Jaribu kioo juu na chini mara kadhaa mbele ya kurudisha ubao.

Hatusemi watu wakimbie mafundi. Fundi ni mufanyakazi kama sisi, na anayefungua mlango mbele ya kutaja bei anastahili feza yake. Lakini kabla ya kumupelekea gari, mwenye gari awe amesikiliza moteri na kuona bulo. Na akiambiwa anunue moteri mupya, aombe aonyeshwe ile ya zamani ikigoma mbele ya macho yake, ikiwa imeunganishwa ku batri.