Kodi ya Kisanduku: Je, Usharika Ununue Modemu na Ruta Yake?

Katika kupitia vitabu vya hesabu vya sharika na vituo vyetu, tumekutana mara nyingi na mstari mmoja mdogo katika ankara za intaneti ambao watunza hazina wengi huupita bila kuuliza. Mahali pengine umeandikwa "kodi ya kifaa", mahali pengine umefichwa ndani ya "huduma nyinginezo". Ni malipo ya kila mwezi kwa ajili ya kile kisanduku chenye taa za kumetameta kilichowekwa ukutani au juu ya kabati la ofisi. Kiasi chenyewe si kikubwa, ndiyo maana hakishtui. Lakini kisanduku kinaweza kulipiwa thamani yake mara mbili au mara tatu, na bado kikawa si mali ya usharika.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya kampuni yoyote. Kodi ikiwa shilingi 15,000 kwa mwezi, kwa miaka mitatu usharika utakuwa umetoa shilingi 540,000. Ruta nzuri ikinunuliwa kwa shilingi 180,000, na nauli ya fundi pamoja na kebo vikagharimu shilingi 60,000, jumla ni 240,000. Fedha hiyo inarudi katika mwezi wa kumi na sita. Baada ya hapo kila shilingi 15,000 inabaki katika hazina, na tunaojua fedha hiyo inavyopatikana, kwa mnada wa ndizi na mayai baada ya ibada, hatuwezi kuiita ndogo.

Aidha, kwa vituo vyetu intaneti si anasa. Zahanati hupeleka madai ya bima kwa NHIF kwa njia ya mtandao, sekondari husajili watahiniwa wa NECTA kwa njia hiyo hiyo, na malipo mengi ya Serikali hayafanyiki bila kwanza kupata namba ya malipo kutoka kwenye mfumo. Mradi uliokuwa ukilipia intaneti ukifikia mwisho, kodi haiishi pamoja nao. Inahamia kwenye sadaka. Deni likizidi huduma hukatwa yote, wala kampuni haitenganishi deni la kisanduku na deni la kifurushi.

Hivyo basi, je, si afadhali kila mmoja anunue chake? Mara nyingi ndiyo. Lakini haiwezekani kwa kila aina ya muunganisho, na ndiyo sababu ya makala hii.

Kwanza tutofautishe vifaa viwili ambavyo watu huvichanganya. Modemu ni kama mkalimani anayekaa langoni. Huzungumza na kampuni kwa lugha ya njia iliyotumika, iwe waya wa simu, faiba, minara ya simu au setilaiti, kisha huigeuza lugha hiyo iwe ile ambayo kompyuta inaielewa. Ruta ni kama karani wa mapokezi aliye ndani: hugawa mawasiliano kwa kompyuta ya mhasibu, ya mchungaji na ya maabara, hutoa waifai, na huwazuia wageni wasioalikwa. Mara nyingi vyote viwili vimewekwa ndani ya kisanduku kimoja, na hapo ndipo mkanganyiko huanzia. Karani unaweza kumbadilisha karibu siku zote. Mkalimani inategemea.

Vituo vinavyotumia minara ya simu, yaani ruta inayowekwa laini kama ya simu, ndivyo vyenye kazi rahisi kuliko vyote. Unanunua ruta isiyofungwa kwa mtandao mmoja, unaweka laini, unaanza kazi. Faida yake ni kwamba mtandao ukidhoofika kijijini kwenu unabadilisha laini tu. Ruta za kukodi, au zile zinazouzwa kwa bei ya chini pamoja na kifurushi, mara nyingi zimefungwa na hazipokei laini ya kampuni nyingine. Uliza jambo hili dukani kabla ya kutoa fedha, na ikiwezekana nenda na laini za mitandao miwili uzijaribu hapo hapo kaunta. Ruta ya namna hii ina namba ya utambulisho, IMEI, iliyoandikwa chini yake, sawa na simu. Wengi tunakumbuka TCRA ilipozima simu bandia mwezi Juni 2016. Ruta bandia nazo zipo. Tuma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090 na ulinganishe jibu na jina lililo kwenye boksi.

Wanaotumia waya wa simu wa shaba wanaweza kununua modemu yao, lakini wapate kwanza kutoka kwa kampuni jina la mtumiaji na neno la siri la akaunti, pamoja na namba za mpangilio wa laini. Bila hizo modemu mpya itawaka taa zote isipokuwa ile inayohitajika.

Kwa faiba hali ni tofauti. Kisanduku kinachopokea ule uzi wa kioo husajiliwa katika mitambo ya kampuni kwa namba yake. Ukinunua kingine dukani ukakichomeka, mitambo haikitambui. Hapa shauri letu ni kuacha kisanduku cha kampuni kikae mlangoni, na kuweka ruta ya usharika nyuma yake kwa kebo. Mwombe fundi wa kampuni azime kazi ya ruta ndani ya kisanduku chao, kibaki kupitisha mawasiliano tu. Makarani wawili katika ofisi moja hupishana, na mara nyingi kompyuta moja hushindwa kuiona printa iliyo upande wa pili. Kisha ulizeni kama kodi inapungua kwa kuwa ruta ni yenu. Zipo ankara ambazo ruta na waifai vimetozwa peke yake, na hizo ndizo za kuondoa. Kwa setilaiti, dishi na modemu yake ni mfumo mmoja, na hatushauri mtu kuvitenganisha.

Sasa tuseme neno kwa marafiki zetu wa sharika rafiki za Marekani, ambao kwa upendo mwingi hutuuliza kwa nini tusitumie modemu wanazotuletea kwenye mabegi. Kwao kununua modemu yako ni jambo la kawaida, hata sheria inalilinda: kwa sheria iliyotiwa saini Desemba 2019 na kuanza kutumika 20 Desemba 2020, kampuni ya intaneti haiwezi kumtoza mteja kodi ya kifaa ambacho haikumpa. Lakini modemu nyingi zinazonunuliwa huko ni za kebo za televisheni, zile zenye tundu la duara la kuzungusha kwa skrubu, na vituo vyetu havina kebo hizo. Zilizoletwa ziko stoo. Ruta za laini za kutoka huko nazo zina shida ya masafa: nyingi zimetengenezwa kwa masafa ya Marekani, ambayo kwa sehemu kubwa siyo yanayotumika Tanzania, hivyo hukamata kwa shida au zisikamate kabisa. Kitu kinachofaa kutoka popote duniani ni ruta ya kawaida isiyo na modemu ndani, yenye tundu la kebo ya mtandao. Hiyo hufanya kazi nyuma ya faiba, nyuma ya setilaiti, hata nyuma ya ruta ya laini. Msome tu kibandiko cha adapta ya umeme. Kikisema 100 hadi 240 volti, ni salama kwetu. Kikisema 120 peke yake, adapta itaungua siku ya kwanza.

Tukishanunua, kazi inayosahaulika ni kurudisha kisanduku cha kukodi. Kukizima na kukiweka kabatini hakusimamishi kodi. Kipelekwe ofisi ya kampuni pamoja na adapta na kebo zake, na mtu aliyekipokea aandike hati yenye tarehe, namba ya kifaa na muhuri. Hati hiyo ikae kwenye faili la mtunza hazina, kisha ankara ya mwezi unaofuata ikaguliwe mstari kwa mstari. Aidha someni mkataba kabla ya hatua hiyo, maana mikataba mingine ina muda wa chini, na anayevunja kabla ya muda hutozwa. Kama imebaki miezi mitatu, subirini miezi mitatu.

Mali ya usharika iwe ya usharika kweli. Ruta iandikwe katika daftari la mali kwa namba yake, siku iliyonunuliwa na bei. Suala la laini ni zito zaidi. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, laini huwa na mwenyewe anayejulikana. Ikisajiliwa kwa kidole cha mwinjilisti, mwinjilisti akihamishwa laini ni yake, na siku ikipotea hakuna mwingine anayeweza kuirudisha. Isajiliwe kwa jina la taasisi, na msimamizi wake ateuliwe kwa muhtasari wa baraza la wazee.

Maneno ya siri ni mawili, na watu wengi hujua moja. Lipo la waifai, na lipo la kuingia ndani ya mipangilio ya ruta yenyewe. Hilo la pili likiachwa kama lilivyotoka kiwandani, kijana yeyote mjuzi anayeketi chini ya mwembe nje ya ofisi anaweza kuingia na kubadilisha atakacho. Yabadilishwe yote mawili siku ya kwanza, yaandikwe, yafungwe kwenye bahasha ndani ya sefu. Ruta nyingi hutoa pia waifai ya wageni, iliyotengwa na kompyuta za ofisi. Itumieni hiyo kwa kwaya na semina, ili kifurushi cha hesabu na matibabu kisimalizwe na video.

Tukiwa wakweli, kukodi kuna faida yake moja: kifaa kikiharibika chenyewe, kampuni hubadilisha. Kikiwa chenu, ni chenu hata kikipigwa na radi. Kwa sharika za milimani, ambako msimu wa mvua radi haziishi, tunahimiza kuchomoa umeme na waya wa simu wingu linapojikusanya, kwa kuwa radi huingia kwa njia zote mbili. Pia wekeni akiba kila mwezi, hata theluthi ya ile kodi iliyookolewa, kwa ajili ya kifaa cha badala. Kwa hesabu yetu ya mwanzo ni shilingi 5,000.

Wapo ambao hatuwashauri kununua. Usharika ambao kifaa chake kimo ndani ya bei ya kifurushi, na bei hiyo haipungui ukija na chako, hauna cha kuokoa. Kituo kitakachofungwa au kuhamia jengo jingine ndani ya mwaka nacho kisubiri. Na palipo hakuna hata mtu mmoja anayeweza kuzima, kuwasha na kusoma taa za ruta, mtafuteni mtu huyo kwanza.

Kwa wahisani wetu tunaomba jambo moja katika bajeti zijazo. Badala ya kulipia "intaneti kwa miaka mitatu" kama fungu moja, tenganisheni ununuzi wa vifaa na kifurushi cha kila mwezi. Mchango wa mara moja ununue ruta, kebo na kinga ya umeme, na usharika uahidi kifurushi kutoka mapato yake tangu mwezi wa kwanza. Hapo mradi utakapokwisha, hakuna mzigo mpya utakaoangukia baraza la wazee ghafla.

Sharika na vituo vinavyokusudia kubadilisha vifaa vilete Kitengo cha Miradi nakala ya mkataba na ankara tatu za karibuni, pamoja na picha ya upande wa nyuma wa kisanduku mlicho nacho, matundu yote yaonekane. Tutazipitia pamoja na fundi wa dayosisi na kuwajibu kwa maandishi kabla hamjanunua chochote.