Safari za Data na Muda Unaopotea Ugenini

Anayeishi ugenini hubaki na shughuli nyingi kwao: kulipa ada, kuangalia salio la benki, kuomba pasipoti mpya. Siku hizi shughuli hizo hufanyika mtandaoni, na mara nyingi seva zinazozihudumia ziko huko huko kwao. Fomu ambayo aliye karibu huimaliza kwa dakika chache humpotezea aliye mbali saa nzima.

Chanzo cha kwanza ni umbali. Ndani ya nyuzi za mkongo, mwanga husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kilometa 7,500 hivi kwa mstari mnyoofu. Kwenda na kurudi huchukua si chini ya milisekunde 75, na njia halisi ya mkongo ni ndefu zaidi.

Safari ingekuwa moja, aliye mbali asingeona tofauti. Lakini kabla ya ukurasa kuanza kufunguka, kompyuta huulizia anwani ya seva, hupiga hodi na kungoja kuitikiwa, hukubaliana nayo jinsi ya kuficha mazungumzo, ndipo huomba ukurasa. Kila hatua ni safari nyingine. Kupitia setilaiti zilizo kilometa 35,786 juu ya ikweta, ambazo Afrika Mashariki ilizitegemea hadi mkongo wa SEACOM ulipofika mwaka 2009, kila safari ya kwenda na kurudi hula karibu nusu sekunde. Safari nne ni sekunde mbili, hata kama hakuna foleni. Kununua bando kubwa zaidi hakufupishi njia hiyo.

Chanzo cha pili ni masharti ya mifumo. Benki hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya nyumbani. Ujumbe ukichelewa, namba huwa imekwisha muda. Ukurasa nao humtoa mtumiaji asipobonyeza chochote kwa dakika kadhaa. Hapo huanza upya, na safari zote hurudiwa. Muda mwingi hupotea katika marudio haya kuliko katika kasi ndogo yenyewe.

Umbali hupunguzwa kwa kusogeza data karibu. Kabla ya Kenya kuwa na kituo cha kubadilishana data, KIXP, kilichoanza mwaka 2000, barua pepe kati ya ofisi mbili za Nairobi zenye watoa huduma tofauti ilizungukia ng'ambo. Vituo kama hicho, pamoja na seva zinazohifadhi nakala za kurasa nchini, vimefupisha safari nyingi.

Huduma za benki na serikali haziwezi kunakiliwa hivyo, kwa sababu taarifa zake ni za siri na hubadilika kila mara. Kwa hizo, wajibu ni wa wanaounda mifumo: fomu ijihifadhi yenyewe kila inapojazwa, kurasa ziwe nyepesi, muda wa kujaza uongezwe, na namba ya uthibitisho itolewe na programu ya simu isiyohitaji ujumbe mfupi. Mfumo ukijaribiwa kwenye mtandao wa polepole kabla ya kuzinduliwa, kasoro hizi huonekana mapema, na aliye mbali huhudumiwa sawa na aliye karibu.