Ukiita Jina, Kimya

Ni utepe wa karatasi, ule ambao wapaka rangi huubandika pembeni mwa madirisha. Umebandikwa chini ya ruta iliyotundikwa juu ya friji, katika nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Juu yake, kwa kalamu ya wino mzito, kuna 9.9.9.9, na mstari wa pili 149.112.112.112. Kisha tarehe. Mwenye nyumba alidhani ni namba ya risiti.

Nyumba ya tatu kutoka hapo, utepe mwingine. Upande wa pili wa kichochoro, tena.

Aliyeziandika ni fundi wa waifai wa mtaa huo, kijana mwenye ngazi ya aluminiamu na mkoba wa viunganishi, ambaye hakutaka jina lake litoke gazetini. Kila nyumba anayoibadilishia namba za DNS huiachia utepe. Mafundi wengi hubadilisha namba hizo wakaenda zao, na wenye nyumba wakaishi miaka bila kujua. Yeye hawezi, na sababu yake ndiyo iliyomfanya mwandishi wa makala haya amfuate Jumamosi moja jioni hadi kwa mwalimu mstaafu aliyelalamika kwamba intaneti imekufa.

Taa za ruta zilikuwa kijani, zote. Fundi aliketi sakafuni, akafungua tarakilishi na dirisha lake jeusi, akaandika amri ya ping na 8.8.8.8. Majibu yakaanza kushuka, mstari baada ya mstari, bila kukosa hata mmoja. Akaandika amri ileile, safari hii na jina la tovuti ya gazeti. Alama ya kuandikia ikawa inapepesa pale pale, inapepesa tu.

“Umeona, Mwalimu? Nikiita namba, yaitika. Nikiita jina, kimya. Njia i wazi. Aliyelala ni mwenye daftari.”

Daftari ndilo neno lake la DNS, na linatosha. Mtu huandika jina, mashine hutaka namba, na kati yao kuna sava inayoulizwa kila mara jina fulani liko wapi. Paul Mockapetris aliubuni mpango huo mwaka 1983, na siku hizi kampuni inayouza intaneti ndiyo, kwa kawaida, humpa mteja daftari lake. Asiyelitaka ana pa kwenda: OpenDNS ilianza 2006, Google ikaja na 8.8.8.8 Desemba 2009, Quad9 na 9.9.9.9 Novemba 2017, na Cloudflare ikachagua Aprili mosi 2018 kwa 1.1.1.1 yake, kwa kuwa Wamarekani huiandika tarehe hiyo 4/1, yaani namba moja mara nne.

Kazi haikuchukua dakika kumi. Alifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, 192.168.1.1, akaingiza nywila iliyobandikwa mgongoni mwa ruta, akafuta namba za kampuni, akaweka mpya, akaizima ruta na kuiwasha. Simu ya mjukuu wa Mwalimu ikaanza kulia kwa jumbe zilizokuwa zimekwama. Hapo ndipo fundi alipokata utepe kwa meno.

“Nyumba hii kila inapotaka kwenda, kuna mtu inamuuliza njia,” alisema huku akiandika. “Mimi nimembadilisha huyo mtu. Mwalimu asipojua, ni kama nimembadilishia kufuli usiku.”

Kwenye simu yake ameweka picha ambayo humwonyesha kila anayemuuliza kwa nini anajali hivyo. Ni ukuta wa Istanbul, Machi 2014. Serikali ya Uturuki ilikuwa imeifunga Twitter, na sava za DNS za kampuni za huko zikawa zinawapeleka watu kusiko. Mtu akachukua rangi ya kupuliza akaandika ukutani namba za Google: 8.8.8.8, 8.8.4.4. Picha ilizunguka dunia.

Lakini fundi hupenda zaidi yaliyofuata. Machi 29, Google ilitangaza kwamba kampuni nyingi za intaneti za Uturuki zilikuwa zimeweka sava zinazojifanya ni zake. Aliyenakili namba ya ukutani bila kukosea hata nukta alikuwa akijibiwa na mwingine.

Ndiyo maana fundi haridhiki na ruta peke yake. Kwenye simu za Android, kuanzia toleo la 9, huingia katika mipangilio ya DNS ya faragha na kuandika dns.quad9.net. Pale simu haikubali namba, inataka jina, ili ikague cheti cha anayejibu, na maswali husafiri yakiwa yamefichwa. Ruta ya Mwalimu, ya zamani, haina uwezo huo. Maswali yanayokwenda kwa namba za kwenye utepe hupita wazi katika waya za kampuni ileile ya intaneti.

Wala kubadilisha DNS hakuongezi kasi ya bando, naye huchukizwa na wanaowadanganya watu hivyo. Bando la Mbps 10 hubaki 10. Katika nyumba moja ya mtaa wa Tudor video zilianza kukwama baada ya yeye kubadilisha. Kampuni nyingi za video humwelekeza mtazamaji kwa kuangalia swali la DNS limetokea wapi. Swali likiulizwa mbali, mtu hupelekwa sava ya mbali, ilhali nakala ya video huenda iko jirani. Alirudisha namba za mwanzo. Utepe wa nyumba hiyo una mstari uliokatiza katikati, na tarehe ya pili.

Mwalimu alikuwa akisikiliza kimya. “Na huyu wa tisa tisa, nani anamjua?”

Fundi alieleza anachokijua: Quad9 ni taasisi isiyotafuta faida, tangu 2021 iko chini ya sheria za Uswisi, inasema haihifadhi anwani ya anayeuliza, na huzuia majina ya tovuti za matapeli.

“Inasema,” Mwalimu alirudia. “Na orodha ya matapeli anaiandika nani? Na akiondoka?”

La kuondoka lina mfano. Mwaka 2024 mahakama ya Ufaransa iliamuru baadhi ya tovuti za kurusha michezo zizuiwe hadi kwenye DNS za umma, na Juni mwaka huo OpenDNS ikaona heri isitishe huduma nchini humo. Nyumba zilizokuwa na namba zake kwenye ruta zilipata kimya kilekile cha Kibokoni. Kwa mengine fundi hakuwa na jibu, na hakujifanya analo.

Mwalimu alivaa miwani, akausoma utepe namba kwa namba, kwa sauti, kisha akaomba uhamishwe upande wa mbele, anapoweza kuuona akiwa kitini. Fundi akapanda ngazi tena.