Saudia Ilipofunga Milango Yake

Ukimtajia mtu wa Likoni bara la Asia, fikira zake haziendi Tokyo wala Seoul. Asia kwake ni Riyadh, Jeddah na Dammam, ambako binti wa jirani anapika na kufua. Ni Makka, ambako mzee wa nyumba anamwomba Mungu amfikishe kabla ya siku zake kwisha. Kwa hivyo korona ilipoingia na nchi zikaanza kufungwa, sisi tunaoishi ng'ambo za kisiwa cha Mombasa, kuanzia Mtongwe hadi Mishomoroni hadi Chaani, tulibanwa na amri za serikali mbili. Amri za Nairobi tulizijua, maana zilitukuta mlangoni. Zile za Riyadh tulizipata vipande vipande, katika sauti za WhatsApp zilizonong'onwa usiku wa manane, mwenye nyumba akiwa amelala. Nataka nivikusanye vipande hivyo, kwa sababu nchi ile tunaipelekea watoto wetu na hatuijui vya kutosha.

Saudia ni kubwa, zaidi ya Kenya mara tatu na nusu, na sehemu kubwa yake ni jangwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 32.2, na milioni 13.4 kati yao si raia. Katika kila watu kumi unaokutana nao, wanne ni wageni. Wao ndio wanaojenga, wanaoendesha magari, wanaofagia na wanaolea. Juu ya hao kuna mgeni wa aina nyingine, anayekwenda kwa ibada na kurudi. Mwaka 2019, mwaka wa mwisho kabla ya maradhi, mahujaji walikaribia milioni mbili na nusu. Wageni hao wawili, wa kazi na wa ibada, ndio wanaotuunganisha na nchi ile, na wote wawili walifungiwa mlango mmoja baada ya mwingine.

Wasaudia hawakungoja. Tarehe 27 Februari 2020 walisimamisha umra kwa wageni kutoka nje, na mgonjwa wa kwanza wa nchi hiyo alitangazwa siku chache baadaye, tarehe 2 Machi. Wapo waliosema ni woga, lakini nchi ile ilikwisha kuumwa. Mwaka 2012 ndiko kulikogunduliwa Mers, ndugu ya korona hii, na madaktari wao walijua maana ya virusi vya kifua vikiingia hospitalini. Shule zilifungwa tarehe 9 Machi, ndege za nje zikasimama tarehe 15, na kafyu ikaanza tarehe 23, saa moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Aliyekamatwa nje alitozwa riyali 10,000. Mwanzoni mwa Aprili, Makka na Madina zikafungwa usiku na mchana.

Kafyu ya Kenya ilianza siku nne baada ya yao, tarehe 27 Machi, nayo ilikuwa ya saa moja usiku. Kilichotokea pale feri jioni ya siku ile hakuna mtu wa Likoni anayehitaji kuelezwa. Kivuko kile hupitisha watu zaidi ya laki tatu kwa siku. Watu walitoka kazini kisiwani, wakapanga foleni ya kurudi kwao, na kabla hata saa haijatimu wakapigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi, wakaangushwa juu ya wenzao. Waliambiwa wasisongamane, na wakasongamanishwa. Tarehe 6 Aprili tukaambiwa hakuna kuingia Mombasa wala kutoka, na amri hiyo ikadumu hadi Julai.

Nazitaja siku hizo kwa sababu zinaonyesha tofauti iliyopo kati ya amri na uwezo wa kuitekeleza. Riyadh ilipowaambia watu wakae nyumbani, Aprili hiyo hiyo ilitenga riyali bilioni tisa za kulipa asilimia 60 ya mishahara ya wafanyakazi wa makampuni ya binafsi yaliyokwama. Mtu alikaa ndani na chungu kikachemka. Lakini malipo hayo yalikuwa ya raia peke yao. Mhindi wa mjengo na Mkenya wa jikoni hawakuwamo.

Lipo jambo jema ambalo haki inanitaka nilitaje. Tarehe 30 Machi 2020 Mfalme Salman aliamuru kwamba yeyote atakayeugua korona nchini mwake atibiwe bure, awe raia, awe mgeni mwenye iqama, yaani kibali cha ukaazi, awe hata aliyepitwa na vibali. Kwa wale tunaowaita kemboi, wasichana waliotoroka kwa waajiri na kuishi kwa kujificha, amri hiyo ilikuwa kubwa. Nchi nyingi tajiri hazikuthubutu kusema neno kama hilo.

Ila amri ya mfalme haikuufikia mlango wa jikoni. Fikiria nyumba ya Riyadh yenye watu tisa. Siku za kawaida baba yuko kazini, watoto wako shule, na kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, hupata saa mbili za kuegemea ukuta. Katika kafyu wote tisa wako ndani, wanakula ndani, wanachafua ndani, na kila kitasa cha mlango kinataka kufutwa dawa mara kadhaa kwa siku. Yeye hana pa kutoka, na ofisi ya ejenti aliyempeleka imefungwa. Hata akisema basi, narudi kwetu, ndege hakuna. Mwisho wa 2021 Katibu wa wizara yetu ya mambo ya nje, Macharia Kamau, aliieleza kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika muda wa miaka miwili, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, na kwamba maelezo yaliyotolewa mara nyingi ni moyo kusimama. Wasichana wa miaka ishirini na kitu, waliopimwa afya kabla ya kuondoka.

Sasa nije kwa wazee wetu.

Hija haikuwahi kukatizwa kwa kiasi kile katika zama hizi. Mwaka 2020 waliohiji walikuwa kiasi cha watu elfu moja, wote wakazi wa Saudia. Vijiwe vya kurushia jamarati vilisafishwa kwa dawa na kufungwa kwenye vifuko, Zamzam ikatolewa kwa chupa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa Kaaba. Mwaka 2021 wakakubaliwa 60,000, wakazi tena, waliochanjwa, wa miaka 18 hadi 65. Walioomba walizidi laki tano na nusu. Mwaka 2022 mlango ukafunguliwa kwa dunia, watu milioni moja, lakini kwa sharti lililowakata wazee wa pwani maini: asiwe mtu aliyefikisha miaka 65.

Kwetu safari ya hija haitoki kwenye mshahara. Inatoka kwenye shamba la minazi lililouzwa Kwale au kodi ya vyumba vya Swahili pale Kisauni iliyowekwa miaka kumi na tano. Pesa hizo hutimia mtu akiwa na miaka 66, 70, na mguu mmoja wenye gauti. Hao ndio waliokuwa na nia na nauli mwaka 2020, wakaambiwa wangoje, 2021, wangoje, na 2022 wakaambiwa umri wao umepita. Nyumbani nako misikiti ilipofunguliwa Julai 2020, watu mia moja kwa saa moja tu, waliovuka miaka 58 waliombwa wabaki nyumbani. Basi mzee akawa hana swala ya jamaa huku, na hana Arafa kule. Wapo waliofariki katika kungoja huko, na wana wao wakabaki na ile pesa mkononi wakiulizana nani awahijie. Sharti la umri liliondolewa kwa hija ya 2023, ambayo ilikusanya watu zaidi ya milioni moja na laki nane.

Siwalaumu Wasaudia kwa hilo. Mtu aliyewahi kuona tawafu inavyobana anajua kwamba hapana njia ya kutenganisha watu milioni mbili kwa mita moja. Lakini milango ya nchi hufunguliwa kwa mpangilio, na ni halali yetu kuutazama. Kafyu iliondolewa tarehe 21 Juni 2020. Umra ya wakazi ilirudi tarehe 4 Oktoba, watu 6,000 kwa siku. Watalii waliochanjwa walikaribishwa tarehe 1 Agosti 2021, na wa umra kutoka nje siku chache nyuma yao. Desemba 2021 magari ya Formula 1 yalikuwa yakinguruma ufukweni Jeddah. Hija ya wageni ndiyo iliyongojwa kuliko vyote.

Fedha nazo zilirudi. Mwaka 2020 mafuta yalianguka, na serikali ikapandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia tarehe 1 Julai, ikasimamisha na posho ya kupanda kwa gharama za maisha. Nyumba nyingi za Kisaudia zilibana matumizi, na mahali pa kwanza pa kubana ni mshahara wa asiye na pa kushtaki. Ila kampuni yao ya mafuta, Aramco, iliyopata faida ya dola bilioni 49 mwaka huo, ilipata bilioni 110 mwaka 2021. Ndipo ejenti wa Mombasa wakaanza tena kutafuta wasichana. Na hapa pana jambo lililowashangaza wachumi. Walitabiri kwamba pesa zinazotumwa Kenya kutoka nje zitapungua. Badala yake Benki Kuu ilihesabu dola bilioni 3.09 mwaka 2020, zaidi ya mwaka uliotangulia, na bilioni 3.7 mwaka 2021. Hoteli za Nyali na Diani zilipolala tupu na vijana wa ufukweni wakakosa hata pesa ya unga, nyumba nyingi za Timbwani na Magongo zilikula kwa jasho la kadama.

Chanjo ilianza Saudia tarehe 17 Desemba 2020. Waziri wa afya, Tawfiq al-Rabiah, alidungwa mbele ya kamera siku ya kwanza, na ikatangazwa kuwa ni bure kwa raia na mkazi. Mtu huyo huyo baadaye alifanywa waziri wa hija, na ndiye aliyesimamia kufunguliwa kwa hija ya 2022. Kuanzia Agosti 2021 asiyechanjwa hakuingia dukani, ofisini wala kwenye basi. Programu ya simu iitwayo Tawakkalna ndiyo iliyokuwa bawabu.

Sisi tulipokea dozi zetu za kwanza tarehe 3 Machi 2021, kiasi cha milioni moja na elfu ishirini za AstraZeneca, zilizotengenezwa Pune, India. Wiki chache baadaye wimbi kubwa likaipiga India, watu wakakosa oksijeni, na chanjo ikazuiwa isitoke. Mama wa Likoni aliyepata sindano ya kwanza akangoja ya pili bila kujua kwamba ngoja yake inaanzia Pune. Vijana wengi walioisusia chanjo kwa uvumi walikuja kuifuata mbio waliposikia viza ya Saudia inaitaka. Kisha likaja suala la aina ya chanjo: Saudia iliitambua AstraZeneca, Pfizer, Moderna na Johnson, lakini aliyedungwa Sinopharm ya China alitakiwa aongeze dozi ya mojawapo ya hizo. Kadi ikawa na thamani kwa jina lililoandikwa juu yake.

Sehemu nyingine za Asia nitazipitia upesi. Oman, ambako Kiswahili bado kinazungumzwa majumbani, iliufunga mji wa Muttrah, bandari ya kale yenye vichochoro kama vya Mji wa Kale wetu, tangu tarehe 1 Aprili 2020, na Muscat yote tarehe 10. Kwetu, Mji wa Kale ulifungwa Mei. Dubai ilifanya kinyume cha Saudia: ilijifungia usiku na mchana wiki tatu mwezi wa Aprili, kisha tarehe 7 Julai ikawafungulia watalii kabla ya karibu kila mtu, maana inaishi kwa uwanja wake wa ndege. China ilibaki imefungwa hadi Januari 2023, na wafanyabiashara wetu waliozoea kwenda Guangzhou kuchagua mzigo kwa macho walijifunza kuununua kwa picha.

Narudi Riyadh kwa mlango wa mwisho. Tarehe 14 Machi 2021, katikati ya maradhi, Saudia ilianza kutekeleza mageuzi ya kazi: mgeni aliweza kubadilisha mwajiri, na kutoka nchini bila kumwomba kafili, yaani mwajiri mdhamini wake, ruhusa. Ulimwengu ulisifu. Lakini wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa nyumba, watunza bustani na wachungaji waliachwa nje ya mageuzi hayo. Waliobeba nyumba wakati wa kafyu ndio ambao mlango wao haukufunguliwa. Kanuni zao mpya za peke yao, zenye mpaka wa saa kumi za kazi kwa siku, zilianza kutumika Oktoba 2024.

Kwa hivyo, ndugu msomaji mwenye binti anayejiandaa kuondoka: usikubali apande ndege kabla hujabaki na nakala ya mkataba wake, nakala ya pasipoti, jina kamili la mwajiri na mji anaokwenda, na simu ya ubalozi wa Kenya ulioko Riyadh. Akishafika, mwombe akutumie picha ya iqama yake. Viweke nyumbani, mahali usipovipoteza.