Maji na Hewa ya Makala

Wenye mashamba, sikilizeni. Mahindi yako yanakula vitu viwili zaidi ya vyote: maji na hewa ya makala. Maji unayaona. Hewa ya makala huioni, wala haina harufu. Inatoka katika pumzi yako, katika moto wa kuni, na katika majani yanayooza.

Mtu wa Bruxelles, jina lake Jan Baptist van Helmont, alipanda mti mdogo wa ratili 5 katika chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu. Akaunywesha maji tu. Miaka 5 ikiisha, mti ulikuwa ratili 169, na udongo ulipunguka kidogo sana, hata ratili moja haikufika. Akazani mti wote umetoka katika maji. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1648. Lakini leo tunajua: sehemu kubwa ya mti mkavu inatoka katika hewa ya makala. Jani linaivuta kwa vitundu vidogo, mizizi inaleta maji, na mwangaza wa jua unaviunganisha kuwa chakula.

Je, kipi kina faida zaidi? Kimoja kikikosa, mmea unakufa. Lakini havikosi sawasawa. Hewa ya makala ni kidogo, sehemu 4 hivi katika sehemu 10.000 za hewa, lakini upepo unaileta kila siku bila kazi yako. Maji si hivyo. Vitundu vya jani vikifunguka kuvuta hewa, maji yanatoka. Ili kuongeza kilo moja ya mwili mkavu, mahindi yanapoteza mamia ya litri za maji. Maji yakipunguka, jani linafunga vitundu vyake, na mmea unashikwa na njaa hata hewa ikiwa pale.

Basi chunga maji. Panda mvua zikianza. Usichome majani ya shamba: yatandaze, yafunike udongo. Lima matuta yakingame mtelemko.

Tena jihazari. Hewa ya makala ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inashuka na kukaa shimoni. Karibu na Goma mahali pa namna hii panaitwa mazuku. Mtu akianguka katika kisima ao shimo la madini, usimfuate mbio: wengi wamekufa hivyo, wa pili juu ya wa kwanza. Mbele ya kushuka, kila mtu afungwe kamba, na wenzake wabaki juu wakiishika. Akinyamaza, wamvute.