Mpagazi wa Umeme wa Jua

Meli inapotia nanga, watu husifu ukubwa wake na uhodari wa nahodha. Lakini kila mfanyakazi wa bandarini ajua kwamba shehena isipoondolewa upesi, gati hujaa na meli hukaa bure. Katika habari za umeme wa jua limetokea jambo kama hilo, nasi twaona yafaa tulieleze.

Madini yaitwayo perovskaiti yaligunduliwa katika milima ya Ural, nchini Urusi, mwaka 1839. Siku hizi jina hilo hutumiwa pia kwa vitu vilivyotengenezwa na wataalamu kwa mpangilio wa namna ile ile. Baadhi yake, hasa vyenye risasi na iodini, hunasa mwanga kwa nguvu ya ajabu, hata utando mwembamba kuliko unywele mara mia moja watosha kufanya kazi.

Mwanga ukiupiga utando huo, elektroni huruka na kuacha pengo nyuma yake. Msidhani, ndugu wasomaji, kwamba pengo hilo si kitu. Fikirini safu ya viti mkutanoni: aliye mbele akiinuka, wa pili husogea akakikalia kiti chake, wa tatu akakikalia cha wa pili, na kile kiti kitupu huonekana kana kwamba chatembea kwenda nyuma. Ndivyo pengo lisafirivyo. Elektroni yapasa kutolewa upande mmoja na pengo upande wa pili. Vikikutana njiani hufutana, na nguvu ya jua ikaishia kuwa joto tu. Kwa sababu hiyo huwekwa tabaka maalumu la kuyapokea mapengo na kuzizuia elektroni. Huyo ndiye mpagazi wetu. Akiwa mzito wa mwendo, mapengo husongamana na mkondo wa umeme hupungua. Na kama kimo chake cha nguvu hakilingani na cha perovskaiti, volti hupotea mlangoni.

Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake wa Yokohama, Japani, walitengeneza seli ya kwanza ya namna hii. Ilitoa asilimia 3.8 tu ya nguvu ya mwanga, na ikadumu kwa dakika chache. Kwa nini? Mpagazi wao alikuwa kimiminika chenye iodini, na kimiminika hicho kiliiyeyusha perovskaiti yenyewe! Mwaka 2012 watu wa Korea Kusini na Uswisi, na wengine wa Oxford pamoja na Miyasaka, walikiacha kimiminika wakatia dawa kavu iitwayo spiro-OMeTAD. Mara moja seli zikafika karibu asilimia 10, na zile za Korea zilikaa hewani zaidi ya saa 500 bila kuharibika. Aliyebadilishwa hasa ni mpagazi, wala si mnasa mwanga.

Hata hivyo spiro si mtumishi mwaminifu kabisa. Kutengenezwa kwake ni kwa gharama kubwa. Peke yake ni mvivu, hana budi kutiwa chumvi ya lithiamu ili achangamke, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, nao unyevu ndio adui mkubwa wa perovskaiti. (Mkazi yeyote wa pwani aliyeona chumvi ya mezani ikilowa mkebeni ataelewa.) Tena, mwaka 2016 ilionekana huko Lausanne kwamba joto likifika nyuzi 70, dhahabu ya juu ya seli hupenya katika spiro na kuingia ndani ya perovskaiti, ikaiharibu.

Ndipo wakatafutwa wapagazi wengine. Mwaka 2017 watafiti wa Lausanne walitumia thiosianeti ya shaba, kitu rahisi kwa bei, wakapita asilimia 20. Kwanza nayo iligombana na dhahabu, mpaka ukawekwa utando wa kaboni katikati. Baada ya hapo seli zilifanya kazi saa 1,000 katika nyuzi 60 zikabaki na zaidi ya asilimia 95 ya nguvu zake. Mwaka 2020 huko Berlin mpagazi alikuwa safu moja tu ya molekuli zinazojipanga zenyewe, na perovskaiti ikiwekwa juu ya silikoni ilitoa asilimia 29.15.

Twawapongeza. Lakini asilimia hizi aghalabu hupimwa kwa kipande kidogo kama ukucha, na msomaji anayeambiwa habari za ushindi mpya aulize kwanza: saa ngapi, na katika joto gani? Saa 1,000 hazitimizi siku 42. Bamba la silikoni huuzwa kwa dhamana ya miaka 25, nalo likiwa juu ya bati wakati wa adhuhuri joto lake huweza kupita nyuzi 60.