Kukosa Pesa si Aibu, Hatari ni Kuficha Ugonjwa

JE, kuishiwa na pesa ni nini hasa? Mjini, mtu husema ameishiwa mshahara unapochelewa na nyama ikakosekana mezani. Kwa daktari, aliyeishiwa ni yule ambaye mwanawe akishikwa na homa usiku, hulazimika kuchagua kati ya nauli ya hospitali na unga wa kesho.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, wengi huishi kwa pato lisilotabirika. Mvuvi wa Mbita hutegemea nyavu za usiku uliopita, na mchimba dhahabu wa Macalder hutegemea bahati ya shimo. Hawa si wavivu. Hakuna anayejua kesho italeta nini.

Malaria, iliyoenea sana kandokando ya Ziwa Victoria, haingoji pesa zipatikane. Ikiwa kali, yaweza kumuua mtoto kwa siku moja au mbili. Hata hivyo, mzazi asiye na kitu huanza na vidonge vya kutuliza maumivu. Wengine huwagawia watoto wawili dozi moja. Dawa ya AL humezwa mara 6 kwa siku 3. Nusu dozi huweza kushusha homa huku vijidudu vikibaki mwilini. Ugonjwa ukirudi, gharama ya kulazwa huzidi ile iliyokwepwa.

Umaskini huchelewesha matibabu, lakini aibu huchelewesha zaidi. Tumezoea kumwona asiye na pesa kuwa mzembe, naye huogopa kuulizwa mbele ya watu iwapo ana chochote mfukoni. Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Wasiwasi wa madeni nao huleta ukosefu wa usingizi na maumivu ya kichwa. Ukiendelea hivyo kwa zaidi ya wiki mbili, mwone daktari.

Fahamu pia kwamba si kila huduma hulipiwa. Chanjo za watoto hutolewa bure katika vituo vya umma, ikiwemo ya malaria iliyozinduliwa Homa Bay mnamo Septemba 2019. Dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi pia ni bure. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na aliyejisajili anastahili kutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Kwa hivyo jisajili ukiwa mzima.

Nawe msomaji wa mjini, jamaa akikupigia simu kutoka nyumbani akiomba nauli, usianze kwa kumuuliza pesa zake zilienda wapi. Muulize: mtoto ana umri gani? Homa ilianza lini? Ananyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege au amelegea? Dalili moja kati ya hizi ikiwapo, tuma nauli mara moja. Mahubiri kuhusu kuweka akiba yaweza kungoja mpaka mtoto apone.